Uzi kuhusu uzi: bakteria anapitishaje protini ukutani bila ukuta kuvuja?

MwanaRau

Wakuu habari za jioni. Mi nipo Moshi, maeneo ya Rau, nafanya kazi maabara moja hapa mjini (jina naliacha) na wiki ya tatu hii nalea bakteria ambao kila nikifika hatua ya mwisho wananigomea. Leo nimeelewa kwa nini na nimeona nikilala nalo litanikaba.

Kisa chenyewe: tumempandikizia E. coli jeni ya protini fulani, tunataka aitengeneze kwa wingi alafu aitoe nje ya tumbo lake tuivune kirahisi. Usiku namlisha, asubuhi mchuzi una ukungu kama maji ya kuoshea mchele, namwekea IPTG, ile kemikali ya kuwasha jeni, namwambia haya chapa kazi. Saa moja baadae anaacha kukua. Masaa matatu yuko pale pale. Nikaupitisha kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa uzito, nzito zinabaki juu, nikaona mistari miwili imekaribiana sana, wa juu mnene, wa chini mwembamba kama unywele. Nikasema nimechafua sampuli, nikarudia, miwili tena. Mara ya tatu umeme ukakatika jeli ikiwa katikati, hiyo tuiache tu.

Jumapili nikaenda kwa mama. Mama ni fundi cherehani, watu wanatoka na mitumba yao soko la Memorial wanampitia apunguze. Akaniambia nimtungie uzi kwenye sindano maana macho saivi yanamsumbua. Nikatunga, ukagoma, nikalazimisha, ukagoma. Kumbe karibu na ncha kuna fundo dogo. Akanicheka, "we si ndo msomi wa vitu vidogo, fundo hulioni?" Akakata, akalamba ncha, ukapita mara moja.

Mistari yangu miwili nikaielewa nikiwa pale pale kwenye kiti cha wateja.

Sasa twende. Bakteria kama E. coli ana tando mbili, ya ndani na ya nje, katikati kuna nafasi nyembamba, tuite kibaraza. Protini zote anazitengenezea chumbani, kwenye ribosomu, ndo kiwanda chake cha protini, lakini karibu theluthi moja ya aina za protini alizonazo hazitakiwi kukaa chumbani, zinatakiwa zikae kwenye utando wenyewe au zivuke. Na utando ni mafuta, hauruhusu hata chembe ya haidrojeni yenye chaji kupita ovyo, na ni lazima iwe hivyo kwa sababu tofauti ya chaji kati ya ndani na nje ndo betri yake, ukitoboa tundu betri inaisha na yeye anaisha. Kwahiyo anatakiwa awe na tundu la kupitisha kitu kikubwa kama protini alafu kitu kidogo kuliko vyote kisipite. Hilo swali ndo lililonileta.

Tundu hilo linaitwa SecY. Ni protini inayoupita utando mara kumi, kama mtu anapiga ponta juu chini juu chini mara kumi alafu anaikunja ikae kama kombe la baharini, maganda mawili yanayotazamana, bawaba nyuma, mdomo mbele. Pembeni ana wenzake wawili, SecE ambaye amemkumbatia kwa nje kama mkanda asifumuke, na SecG mdogo. Watatu hao kwa pamoja ndo SecYEG.

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Mangi_Kibosho

Nimeweka kambi hapa. Shusha mangi.

BintiNjiro

Kaka mi nipo Arusha nilisoma bayolojia mpaka fomu sita, hiyo SecY hatujawahi kuisikia, tuliambiwa tu "protini hutolewa nje" tukasonga. Endelea.

MwanaRau

Nimerudi. Dada BintiNjiro hata mi fomu sita nilipitishwa hivyo hivyo.

Umbo la SecY kwa karibu lilionekana 2004, kundi la Tom Rapoport kule Harvard, Marekani, na hawakutumia ya E. coli, walichukua ya kijidudu Methanocaldococcus jannaschii kinachoishi kwenye chemchemi za moto chini ya bahari, jotojoto la nyuzi 85 yeye ndo anajisikia vizuri. Protini za viumbe wa moto ni ngumu, hazijifumui ovyo ukizitoa kwenye mafuta yake, ndo maana watu wa fani hii wanawapenda.

Walichokiona ni tundu lenye umbo la mchanganyiko wa faneli mbili zilizogusanishwa midomo myembamba. Pale kwenye kiuno kuna pete ya asidi amino (zile shanga zinazounda protini) sita zinazochukia maji, zimebana. Chini ya pete, upande wa nje, kuna kipande kifupi kimejikunja kimekaa kama kizibo cha gunzi kwenye kibuyu cha mbege. Tundu likiwa halina kazi kizibo kipo na pete imebana. Protini ikija kizibo kinasogezwa, pete inaibana ile protini kama ukanda wa mpira unavyobana bomba, maji na chaji havipati upenyo.

Kitu kilichonifurahisha: watu walimkata kizibo kabisa wakidhani atakufa. Hakufa. Vipande vya jirani vikajisogeza vikaziba. Hovyo hovyo lakini vikaziba.

Alafu SecY ana mlango wa pili, huu wengi wanausahau. Pale mdomoni mwa kombe anaweza kufunguka kwa ubavu, kuelekea kwenye mafuta ya utando. Kwahiyo protini ya kuvuka inanyooka inapita, na protini ya kukaa utandoni, vile vipande vyake vinavyopenda mafuta vinatokea ubavuni vinabaki humo humo. Mlango mmoja, njia mbili, na hamna mlinzi anayesoma vitambulisho, kipande chenyewe kikipenda mafuta kinateleza pembeni, kisipopenda kinaenda moja kwa moja.

Mangi_Kibosho

Kizibo cha gunzi hapo umenigusa. Sasa protini inajuaje kwamba inatakiwa itoke? Maana chumbani ziko nyingi.

MwanaRau

Mangi swali zuri, na lilimpa mtu Nobel. Günter Blobel, 1999. Wazo alianza kulitoa 1971 akiwa na David Sabatini huko New York, kwamba protini inabeba anwani yake yenyewe mwilini. Na kweli, protini ya kutoka inazaliwa na kipande cha mbele, asidi amino kama ishirini hivi na zaidi kidogo, mwanzoni kina chaji chanya, katikati kinapenda mafuta, mwishoni kuna sehemu ya kukatia. Hiyo ndo ncha ya uzi iliyolambwa. Ikishapita, kuna kimeng'enya kimekaa upande wa kibarazani kazi yake ni kukata tu, kinaikata ncha, protini inabaki fupi kidogo.

Mnaona sasa mistari yangu miwili? Wa juu ni protini ambayo bado ina ncha, nzito kidogo, haijavuka. Wa chini ni iliyovuka ikakatwa. Wa juu wangu ulikuwa mnene. Sikuchafua sampuli, nilikuwa na foleni mlangoni.

Blobel mwenyewe alifanya kazi hiyo kwa seli za wanyama, lakini tundu la kwetu binadamu, Sec61, ni ndugu wa damu wa SecY.

DaktariWaMifugo

Naongezea hapo kwa ruhusa ya mleta uzi. Msisahau kwamba protini ikishajikunja haipiti kwenye hilo tundu. Lazima iende ikiwa imenyooka.

MwanaRau

Daktari ahsante, hapo ndo penyewe na ndo fundo la mama.

Protini ikitoka kwenye ribosomu inataka kujikunja, ndo asili yake. Kwahiyo kuna SecB, wanne wanashikana, wanaizungukia protini wanaishika isijiviringe mpaka ifike mlangoni, kama mtu anayekushikia sufu wewe ukifuma. Mlangoni kuna SecA, huyu ndo injini, anakaa upande wa ndani kwenye mdomo wa SecY, ana asidi amino 901 kwa E. coli, anakula ATP, mafuta ya kuendeshea kazi za seli, na ana kidole. Sitanii, wanakiita kidole, vipande viwili vimekunjwa vinaingia kwenye mdomo wa tundu. Picha ya SecA akiwa amekalia SecY ilitoka 2008, nayo kwa bakteria wa maji ya moto, Thermotoga maritima. Anasukuma kidogo, anashika tena, anasukuma.

BintiNjiro

Kwahiyo ni cherehani 😂

MwanaRau

Dada kuna watafiti walishawahi kumfikiria hivyo hivyo, anaingia anatoka kama sindano, kila mzunguko anapitisha kama asidi amino ishirini na kitu. Ila hapo pana ubishi ambao haujaisha. Wengine wanasema kidole kinasukuma kweli, wengine wanasema hapana, protini inacheza cheza yenyewe mbele nyuma na SecA kazi yake ni kuzuia isirudi. Mi binafsi naona vyote viwili vipo kidogo kidogo, lakini usininukuu kwa mwalimu wako.

Na upande wa kibarazani kuna SecD na SecF, wameungana wanaupita utando mara kumi na mbili kwa pamoja, hawa hawatumii ATP maana kibarazani hamna ATP, wanatumia ile betri ya chaji kuivuta protini kwa nje. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta.

Kwa protini za kukaa utandoni utaratibu ni tofauti, hazisubiri ziishe kutengenezwa, zinapelekwa mlangoni ribosomu ikiwa bado inazitema, uzi ungali unatoka kwenye bobini. Kuna mbebaji anaitwa SRP, anaikamata ribosomu anaipeleka kwa FtsY, mpokeaji wa pale utandoni, FtsY anaikabidhi kwa SecY. YidC anasaidia pale mlango wa ubavuni, kupokea na kupanga, na vidogo vingine anaviingiza mwenyewe bila kumuuliza SecY.

Mzee_wa_Kiboriloni

Vijana mnaongea lugha gani? Mimi nimesoma kuanzia juu nimeelewa mbege tu. Hivi vitu vinamsaidia nini mkulima wa migomba?

Mangi_Kibosho

Shikamoo mzee. Mzee ameuliza la maana, mleta uzi mjibu.

DaktariWaMifugo

Shikamoo mzee wangu. Nijibu mimi kwa upande wangu. Ndama akiharishwa na sumu ya bakteria, sumu hiyo imetoka kwenye bakteria kupitia milango ya namna hiyo. Bakteria asiyeweza kutoa sumu yake nje ni kama nyoka aliyefungwa mdomo, yupo zizini lakini hana madhara makubwa. Chukua kipindupindu cha watu. Vibrio cholerae anatengeneza sumu yenye vipande sita, kimoja cha kuua na vitano vya kushikia ukuta wa utumbo. Kila kipande kinavuka utando wa ndani kikiwa kimenyooka, kwa SecY huyo huyo anayesemwa hapa. Kibarazani vinajikunja vinaungana. Sasa sumu imeshakuwa donge na bado kuna utando wa nje, hapo anatumia mtambo mwingine, mfumo wa aina ya pili, wenye kitu kama pistoni inayosukuma donge zima litoke. Mlango wa kwanza unataka uzi, wa pili unataka mpira.

Mzee_wa_Kiboriloni

Marahaba. Hapo sawa. Nyoka nimemwelewa.

MwanaRau

Shikamoo mzee wangu, nisamehe kwa lugha. Daktari kaeleza kuliko mimi.

Nikazie tu, kuna mtambo wa aina ya tatu ambao mi nikiuangalia kwenye picha ya darubini elektroni siamini. Salmonela na Shigela wanao. Ni sindano, sindano kabisa, ina kitako kilichotoboa tando zote mbili na bomba jembamba limetokeza nje, anamgusa seli wa utumbo wako anamdunga protini zake moja kwa moja ndani. Za Salmonela zilipigwa picha 1998. Na mtambo huo ni ndugu na mkia wa kuogelea wa bakteria, sehemu za kitako zinafanana mno.

NesiSiha

Samahani naingilia, mi nipo wilaya ya Siha, hospitali ya Kibong'oto iko huku kwetu kwahiyo habari za TB tunazisikia sana. TB naye ana hiyo sindano?

MwanaRau

Dada karibu. TB hana hiyo, ukuta wake ni wa nta na mafuta mazito, ana mtambo wake, aina ya saba. Mmoja wapo unaitwa ESX-1, unatoa protini inaitwa ESAT-6, hiyo ndo inamsaidia kutoka kwenye kifuko anachofungiwa akimezwa na seli za kinga.

Na hapa pana stori nzuri. Calmette na Guérin, Wafaransa, walianza 1908 kumlea kijidudu cha TB ya ng'ombe kwenye viazi vilivyochemshwa na nyongo, wakamhamisha chakula kipya tena na tena, mara 230, mpaka 1921. Akapoa makali, ndo BCG tunayowachoma watoto begani. Hawakujua amepoa kwa nini. Miaka mingi baadae watu wakasoma jeni zake wakakuta kuna eneo limedondoka, RD1, na humo ndo zilikuwemo jeni za ESX-1. Yaani sehemu kubwa ya kilichomfanya awe mpole ni kwamba alipoteza mlango. Ndo maana kile kipimo cha TB cha damu kinatumia ESAT-6, mtu aliyechomwa BCG tu hakimdanganyi, tofauti na kile cha zamani cha kuchoma mkononi.

NesiSiha

Kipimo nakijua ila sababu sikuwahi kuambiwa. Viazi na nyongo jamani.

Mpinzani255

Mi naona mnapamba tu. Kama mlango ni mmoja na ni muhimu hivyo si uzibwe, dawa ipatikane, tuache maneno?

MwanaRau

Mkuu watu wanajaribu. SecA ndo anatazamwa sana kwa sababu binadamu hana SecA. Tatizo kemikali inayojulikana zaidi kumzuia ni sodiamu azaidi, tunaiweka kwenye vitendanishi vya kwenye friji visiote uchafu, na hiyo inakuua hata wewe kwa njia nyingine, inasimamisha upumuaji wa seli. Kumpata anayemgusa SecA wa bakteria peke yake, aingie kupitia tando mbili, asitemwe nje, ni kazi.

Ila kuzibwa mlango kunaua kweli, hilo lilishaonekana zamani. Maabara ya Jon Beckwith miaka ya 70 mwishoni waliunganisha mwanzo wa protini ya kutoka na LacZ, protini kubwa ambayo inajikunja haraka na kugoma. Jeni waliiweka iwashwe na sukari ya maltosi. Wakampa E. coli maltosi, chakula chake halali, akafa. Ncha imeingia tunduni, fundo limebaki nje, hakuna kingine kinachopita. Wale wachache waliopona walikuwa na mabadiliko kwenye jeni, na kwa kuwachunguza hao na ndugu zao ndo hizi Sec moja moja zikaanza kufahamika. Na SecY akikwama hivyo bakteria ana kimeng'enya FtsH kinakuja kumtafuna SecY mwenyewe. Badala ya kumuokoa anamsaga, kwahiyo milango inazidi kupungua. 2009 ilionyeshwa kwamba hata dawa za bakteria, tetrasaiklini na kloramfenikoli, zinasababisha hilo, zinasimamisha ribosomu ikiwa imeshaingiza uzi nusu mlangoni.

Mpinzani255

Hapo umenijibu. Nakaa kimya.

DaktariWaMifugo

Mleta uzi umemsahau Tat.

MwanaRau

Kweli aisee. Kuna mlango mwingine, Tat, unaopitisha protini zikiwa zimeshajikunja. TatA, TatB, TatC. Ncha yake ina arginini mbili zimekaa pamoja. Ni kwa zile protini ambazo lazima zipachikwe chuma au kitu kingine chumbani kabla hazijatoka. Inafunguka vipi bila kuvuja, hapo hata wakubwa wanakuna vichwa, nami sitajifanya.

BintiNjiro

Sasa kaka foleni yako uliimalizaje? Au ndo umeishia kwenye kulamba uzi 😂

MwanaRau

Wakuu samahani nilipotea siku nne, kazi.

Dada nimefanya kama mama alivyofanya, nimeacha kulazimisha. Mwanzo nilikuwa nawasha jeni kwa nguvu zote, IPTG milimola 1, joto nyuzi 37, protini zinamiminika kuliko milango iliyopo, SecB hawatoshi, zinajikunja zikiwa kwenye foleni. Sasa nimepunguza IPTG mara kumi na joto nimeshusha mpaka nyuzi 20, nikamwacha alfajiri hadi alfajiri. Anatengeneza polepole, mlango unawahi.

Leo asubuhi chupa ilikuwa nzito, ukitikisa inazunguka kama uji wa ulezi, na ile harufu yake nikafurahi utafikiri ni pilau. Kuvuna vya kibarazani bila kumpasua wote: unamloweka kwenye maji ya sukari nyingi mpaka asinyae, unamchuja kwa kumzungusha kwenye mashine, alafu ghafla unamtupia maji ya baridi ya barafu, anavimba kwa mshtuko, utando wa nje unaachia, vya kibarazani vinamwagika, vya chumbani vinabaki. Mikono yote imenata sukari mpaka kwenye simu.

Jeli nimeitoa saa kumi jioni. Mstari wa chini mnene kama kidole. Wa juu nimeutafuta kwa taa, upo, hafifu, kama alama ya chaki iliyofutwa.

Mangi_Kibosho

Weka picha basi.

MwanaRau

Kesho mangi, simu inanata.